Mche wa Pingili Moja

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Waliona mbali, lakini nyumba hii hawakuiona. Nyumba hii iliuziba ufa, ikauziba vizuri, ikausawazisha kwa kiganja, na ndipo ukuta ukawaangukia.

Chumvi alifika saa tisa alasiri kama alivyoagizwa. Mama yake mzazi alitaka kumsindikiza, akamkatalia. Njia nzima alikuja akiyapanga maneno ya kuomba radhi na kuyapangua, akitafuta yatakayotamkika. Alikuwa ameazimia. Mzee wa Kitalu alikuwa kitandani siku ya kumi na saba, upande mmoja wa mwili umekufa ganzi, na kama neno moja lingempa usingizi, Chumvi angelisema hata mara mia. Tena, tusifichane: alimtaka mwanawe. Harusi ilikuwa imebakiza wiki tano.

Mlangoni akavua viatu. Pembeni, ukutani, buti za mpira za Mzee zilikuwa zimesimama vile vile, hakuna aliyekuwa na moyo wa kuzigusa. Tope lilikuwa limezikaukia hadi juu, tope la kijivu. Chumvi alilitazama, akahisi kuna kitu hakikai sawa, lakini sauti ya ndani ikamwita apite, naye akapita.

Sebuleni walikuwa watatu. Mama wa nyumba alikaa kwenye kiti kinachoutazama mlango, mikono mapajani. Shangazi, dada yake Mzee, alilijaza kochi zima kwa miguu yake iliyovimba. Na Mwalimu, mchumba wa Chumvi, alisimama dirishani. Hakuwa amenyoa. Macho yao yalikutana kwa muda wa kuvuta pumzi moja, na katika pumzi hiyo Chumvi alikumbuka kila kitu, akajichukia kwa kukikumbuka.

Alikumbuka fomu.

Ilikuwa fomu ya ruzuku ndogo, ya mfuko uliosaidia wenyeji kuutunza mlango wa mto wao, pale maji matamu yanapokutana na maji ya bahari. Mfuko ulitaka mambo matatu katika ombi moja: utafiti, kurudisha mikoko iliyokatwa, na elimu kwa watoto. Utafiti ulikuwa wake. Alikuwa na stashahada, kipimo cha chumvi ya maji kilichompa jina lake, na fimbo zilizopakwa chokaa alizozichomeka topeni ili maji yakipwa aone chokaa imeoshwa hadi wapi. Miche ilikuwa ya Mzee na kitalu chake. Watoto walikuwa wa Mwalimu, arobaini, darasa la sita. Yeye na Mwalimu wakakaa chumba cha walimu wakiijaza fomu hiyo siku nne, kazi ambayo ingekwisha kwa mbili. Ukurasa wa saba uliuliza nani atafaidika na mradi huu. Mwalimu akaandika kwa penseli, polepole, akijua anatazamwa: *Mimi, nikimpata mpimaji.* Akafuta kabla ya kuituma. Lakini penseli huacha mfereji, na Chumvi, alipoishika karatasi kwenye mwanga, bado aliusoma.

Ruzuku ikaja, na ugomvi wa kwanza ukaja nayo. Mama wa nyumba, ambaye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kikundi, alitaka miche ipandwe darajani, kwenye tope wazi, ili kila apitaye aione na kibao cha mradi. Chumvi akaonyesha fimbo zake: pale darajani maji yanakaa mno, mche utazama kabla haujajua kuvuta pumzi. Mahali pake ni nyuma ya kona ya mto, kule kusikoonekana. Mzee alimuunga mkono. Alisema mkoko haupandwi utakapo wewe, hurudishwa kwao. Lakini Mwalimu alimshika Chumvi mkono wakirudi nyumbani, akamwambia mama yake ameshawaalika watu, akamwomba alegeze kamba mara hii moja. Alimwita mke wangu, kwa mara ya kwanza. Chumvi akatia saini.

Hilo ndilo kosa lake, na hakuwahi kulikana.

Miche mia tatu ilipandwa darajani. Mwezi wa sita iliyokuwa hai ilikuwa thelathini na saba. Mwezi wa kumi mgeni wa mfuko akaja kukagua, na tazama, mashimo hakuna. Safu zimejaa, kijani kibichi, watoto wanaimba, Mama wa nyumba karudi asubuhi hiyo hiyo kutoka kwa binti yake aliyejifungua, amependeza kama bibi harusi mwenyewe. Chumvi akainama ukingoni. Mche wa mkoko ukiangusha majani huacha kovu kama pete, na kutoka pete hadi pete ni pingili. Mche wa miezi kumi una pingili tano, sita. Ule alioushika ulikuwa na moja. Akaushika wa pili, moja. Mgeni akamuuliza mpimaji anasemaje. Na Chumvi, mbele ya watu wote, mbele ya Mzee aliyekuwa amesimama darajani na shati lake la kutokea, akasema kwamba miche yao ilikufa, na hii haijatimiza wiki topeni.

Kabla jua halijazama, Mzee akaanguka mlangoni pake. Kiharusi.

Kwa hiyo sasa Chumvi yuko hapa, amesimama kwenye zulia la watu, hajaambiwa akae.

Shangazi ndiye aliyeanza, maana ulimi wake haukuwahi kungoja zamu. Akaeleza, kana kwamba Chumvi hayupo, jinsi alivyomwonya kaka yake tangu mwanzo kuhusu wasichana wanaotembea na madaftari. Akasema kuna watu wanapima chumvi ya bahari nzima na ya vichwani mwao hawajaijua. Kisha akamgeukia.

"Ulihesabu majani, mwanangu. Ukahesabu, ukahesabu, mpaka ukazihesabu na siku za kaka yangu."

"Wifi, basi," Mama wa nyumba alisema.

"Nimekwisha. Nilikuwa nasalimia tu."

Mama wa nyumba hakupandisha sauti. Alikuwa amekonda siku hizi kumi na saba, na kukonda kumempa uzuri mkali ambao Chumvi hakuwahi kuuona. Alieleza kwa utulivu kwamba mfuko umeandika barua: awamu ya pili haipo, kikundi hakitaaminiwa tena, na kibao kimeng'olewa. Hayo, alisema, ameyameza. Kina mama wa kikundi wakimwona wananyamaza, hilo nalo amelimeza.

"Lakini mume wangu simmezi," alisema. "Sikukuita nikutukane. Nimekuita uingie mle ndani, umwambie kwamba ulikosea, umwombe radhi. Ukitoka, tunakaa tunazungumza harusi. Nitakuwa mama yako, na jambo hili sitalitaja hadi naingia kaburini. Mimi nikisema nimesema."

"Nitamwambia, Mama," Chumvi alijibu. Na alimaanisha.

Ndipo Mwalimu akageuka kutoka dirishani. "Si lazima aingie. Aseme hapa hapa, mimi nitamfikishia Baba. Amechoka."

"Baba yako anamtaka yeye mwenyewe," Mama alisema. "Juzi na jana anamwita."

"Anaita watu wengi, Mama. Jana alimwita ng'ombe."

Shangazi akacheka puani, akajirudi. Lakini Mama alikuwa ameshanyanyuka.

Ukumbi wa kwenda chumbani ulikuwa mwembamba, na Mwalimu alihakikisha yuko nyuma ya Chumvi. Akamshika kiganja. Mkono wake ulikuwa wa moto, na Chumvi, ambaye hakuguswa nao kwa siku kumi na saba, hakuutoa wake. Kwa sauti ya chini Mwalimu alimsihi aseme pole tu na atoke. Asimuulize Mzee lolote, asimchokoze kuzungumza.

"Nisikilize leo tu," alinong'ona. "Leo tu, mke wangu."

Jina lile lile. Chumvi aliubana mkono wake. Alidhani ni mapenzi yanayomhofia baba.

Chumba kilinuka dawa ya kuchua na sabuni. Mzee alilazwa kwa mito mitatu, uso umeshuka upande wa kushoto kama pazia lililokatika ndoano. Jicho la kulia lilikuwa lake bado. Lilimwona Chumvi likajaa maji papo hapo.

Huyu ndiye aliyemfundisha kutembea topeni. Siku ya kwanza alizama hadi mapajani, akahangaika, akapiga kelele, na Mzee akasimama pembeni anamwangalia kama mtu anayetazama mpira. Kisha akamwambia usipigane na tope, mama, lilalie kidogo, litakuachia lenyewe. Tangu mwanzo wa mwaka daktari alikuwa amempiga marufuku kuingia majini kwa sababu ya presha. Akabaki kitaluni, kwenye udongo mweusi wa viriba, mifuko ya kuoteshea miche, akimngoja Chumvi ampe habari za mto.

Udongo mweusi. Chumvi aliketi ukingoni mwa kitanda, akauchukua mkono mzima wa mzee, na ndipo zile buti za mlangoni zikamjia tena. Tope lake lilikuwa la kijivu.

Aliugeuza mkono. Ncha za vidole zilikuwa na mikwaruzo mingi mifupi, imeanza kupona, mingine bado ina gamba. Kitaluni hakuna kitu cha kumkata mtu hivyo. Kuna tope moja tu limejaa maganda ya chaza yenye makali ya wembe, nalo ni la darajani.

"Chu...vi," Mzee alisema.

"Nipo, Baba."

"Mwambie," Mama alisema nyuma yake. Walikuwa wameingia wote. Shangazi alijiegemeza mlangoni.

Chumvi alifungua mdomo. Maneno aliyoyapanga njia nzima yalikuwa pale, yamejipanga kama wanafunzi. Lakini Mzee alikuwa akihangaika kusema lake, mdomo ukivutika upande, na hakuna mwenye adabu anayemkatisha mzee.

"Uli...sema... nijaze," alisema. "Nika...jaza."



"Nilisema nini, Baba?"

"Nijaze... mashimo." Alimeza mate kwa shida. "Siku mbili. Halafu... uka...nicheka. Mbele za watu."

Jicho lile lilimtazama bila hasira. Afadhali lingekuwa na hasira. Lilimtazama kama mtoto anavyomtazama aliyemtuma dukani, akarudi akapigwa.

Chumvi hakumtazama Mzee tena. Alimgeukia Mwalimu, na Mwalimu alikuwa akiangalia sakafu, sehemu moja, kama aliyedondosha sindano.

"Siku ile uliniambia waliojaza ni kina mama wa kikundi," alisema Chumvi. "Ukaniomba nisiwataje."



"Mwanangu," Mama alisema polepole, "mimi nilikuwa kwa dada yako wiki ile. Nani alimpeleka baba yako majini?"

Ikatoka kidogo kidogo, kama maji ya bomba bovu. Mgeni alibakiza siku mbili. Miche ya akiba ilikuwepo kitaluni, na yeye Mwalimu alikuwa na mitihani ya darasa la sita, hawezi kuondoka. Alimwambia baba yake kwamba Chumvi ndiye aliyeomba, kwamba saini ni ya Chumvi, jina ni la Chumvi, na safu zikionekana na mapengo binti atafedheheka na harusi itaharibika. Akamwomba asimwambie mtu, hata Mama, na hata Chumvi mwenyewe asimtajie, maana ataona haya. Mzee akavaa buti. Siku mbili, maji yalipopwa, alikuwa mle peke yake akichimba kwa vidole.

"Kwa nini jina langu?" Chumvi aliuliza. "Kwa nini hukumwambia ni wewe unayetaka?"

"Kwangu angekataa." Mwalimu aliinua uso kwa mara ya kwanza, na alikuwa akilia bila sauti. "Mimi angenikumbusha daktari. Wewe hajui kukukatalia. Hajawahi." Akajifuta kwa mkono wa shati. "Ningewaambia nini watoto? Mwaka mzima nawafundisha kwamba ukipanda kinaota. Niwapeleke darajani wakaone mashimo?"

"Ndiyo," Chumvi alisema. "Ungewapeleka. Fomu ilikuwa na nafasi yake, ukurasa wa tisa: kilichoshindikana, na tulichojifunza. Tuliusoma pamoja, ukasema mfuko huu una utu. Hawakudai miche yote iishi. Walitaka kujua kwa nini ilikufa, na hilo mimi nilikuwa nalo daftarini."

"Najua."

"Ulijua."

"Nilijua," alisema. "Nikaogopa."

Chumvi alitaka kumchukia, ikashindikana. Aliona uzi umetokeza kwenye kola ya Mwalimu, na vidole vyake mwenyewe, vipumbavu, vilitaka kuukata.

Mzee aliguna. Mkono wake mzima ulikuwa bado ndani ya wa Chumvi, akaubana kwa nguvu asizotarajia mtu.

"Baba, sikiliza," Chumvi alisema, akainama asikike vizuri. "Mimi sikukutuma. Ningejua, ningekuja kukutoa mle kwa mikono yangu. Na sikukucheka. Sikujua ni wewe."

 Jicho la Mzee likaenda kwa mwanawe, likakaa huko, likarudi.

"Ime...ota?" akauliza.

Nyuma yake Chumvi alimsikia Mama akivuta pumzi. Ilikuwa rahisi sana. Silabi nne tu, imeota, zingempa mzee usingizi wa wiki nzima. Lakini jana asubuhi Chumvi alikuwa darajani na daftari lake, kwa mazoea tu, ingawa hakuna aliyelihitaji tena.

"Hapana, Baba. Imekufa yote."

Nusu ya mdomo wa Mzee, ile nusu iliyo hai, ikapanda. Hakika ilikuwa tabasamu.

"Nili...jua," alisema. "Maji... mengi pale."

Kisha akafumba jicho. Kifua kiliendelea kupanda na kushuka, mkono ukalegea, na Chumvi akauweka juu ya shuka taratibu kama kitu cha kuazima.

Hawakurudi sebuleni. Walisimama pale pale ukumbini wanne, mlango umeegeshwa. Shangazi peke yake akaondoka kwenda kukaa. Mama wa nyumba alimpita mwanawe bila kumgusa. Alikuwa amezeeka kati ya kuingia na kutoka.

"Huyu nitamalizana naye mimi," alisema. "Ni wangu. Lakini wewe umemwambia mgonjwa imekufa yote. Uongo mmoja tu, mwanangu. Hukuweza hata kumpa mmoja?"

"Alipewa mmoja, Mama. Uko pale kitandani."

Mama alilipokea hilo kama kofi, lakini hakuyumba. Alisema amesikia, na hana la kutetea. Hata hivyo nyumba haijengwi kwa kuhesabu nani kakosa. Watu wameshajua kwamba Chumvi ndiye aliyesema darajani na Mzee akaanguka. Hayo mengine hakuna haja yatoke nje ya kuta hizi. Mwalimu atapoteza kazi yakitoka. Basi Chumvi aombe radhi mbele ya familia, Jumamosi, aseme alikosea hesabu, yaishe. Binti anapoolewa hujishusha kidogo. Yeye mwenyewe alijishusha katika nyumba hii miaka thelathini na minne, hakufa.

"Hufi kwa neno moja," alisema. "Mume unampata, mimi unanipata. Usipoomba, mlango ni huo, na hakuna harusi. Nakwambia huku nakupenda."

"Najua unanipenda, Mama."

Chumvi alikwenda mlangoni, akavaa viatu. Kando yake zile buti. Alizichukua, akazigonganisha nje ukingoni mwa baraza mpaka tope la darajani likadondoka lote mapande mapande, kisha akazirudisha mahali pake, safi.

Mwalimu alikuwa amemfuata. Alisimama kizingitini, hatua mbili kutoka kwake.

"Neno moja," alisema. "Si kwa Mama. Kwa ajili yangu. Bado unanipenda, nimeona mle ndani."

"Nakupenda," Chumvi alisema. "Naweza kukupenda mpaka nizeeke, na itanisumbua. Lakini nikiomba radhi Jumamosi, nitakuwa mimi ndiye niliyemtuma baba yako kwenye yale maji. Uongo wako utakuwa kweli, na mimi ndiye nitakayekuwa nimeufanya kweli."

"Wiki tano," alisema Mwalimu. Sauti ilikatika. "Mke wangu. Sema tu umekosea."

"Nilikosea siku niliyotia saini kwa sababu uliniita hivyo." Alitazama ndani, mpaka kwa Mama aliyesimama kwenye kiza cha ukumbi, ili naye asikie. "Hilo nitamwambia yeyote. Lakini kwa nilichosema darajani, si leo, si Jumamosi, si siku mtakayonizika. Siombi radhi."